Shangazi, nimechoka kuitikia nisichokiamini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, nimeoa, nina watoto na nimeajiriwa. Nimefika mahali sijui tena msimamo wangu ni upi, maana kila ninapokuwa nasema kile ambacho waliopo wanataka kukisikia.

Kazini kwetu watu wamegawanyika kambi mbili. Ilianza na siasa, lakini siku hizi kila kitu kina kambi: unasoma habari za nani, unamcheka nani, hata akifa mtu maarufu kuna wanaopaswa kulia na wanaopaswa wasilie. Katika idara yangu karibu wote tuko kambi moja, na kusema kweli mimi mwenyewe kwa mambo mengi niko nao. Si yote. Yapo mawili matatu ambayo naona tunakosea, na yapo ambayo upande wa pili wanasema kweli tupu. Hilo silitamki hata siku moja. Wakicheka nacheka, wakiguna naguna.

Kwetu nilikozaliwa mambo ni kinyume. Kaka yangu mkubwa ni wa kambi ile nyingine, tena wa mstari wa mbele. Tukikutana anahutubia yeye, sisi wadogo tunaitikia "ndiyo kaka". Kwa hiyo mchana nawaitikia hawa, jioni kwenye simu namwitikia yule, na usiku nikilala najiuliza mimi ni nani hasa.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Kwenye grupu letu la WhatsApp la kazini, dada mmoja mtaratibu asiye na maneno mengi aliandika kwamba habari iliyokuwa ikisambazwa humo kuhusu kiongozi wa upande wa pili haikuwa ya kweli, akaweka na hotuba nzima tujionee. Hakumtetea yule kiongozi. Alisema tu kwamba maneno aliyosingiziwa hakuyasema. Walimshukia vibaya. Mmoja akamwuliza analipwa na nani. Mwingine akaweka kibonzo cha mtu analamba viatu. Mwenzangu ninayekaa naye meza moja akatuma kile kicheko cha machozi. Msimamizi wetu hakuandika neno, aliweka kidole gumba chini ya kibonzo, basi.

Mimi nilijua kwamba habari ile ni ya uongo, kwa sababu nilikuwa nimeichunguza asubuhi ile ile. Nikaandika: "Jamani, hapa yuko sahihi." Nikafuta. Nikaandika tena kwa urefu, nikaanza kueleza kwamba mimi si wa upande ule, kwamba wanajua ninavyosimama, nikaona nazidi kujichimbia kaburi, nikafuta. Kisha nikakumbuka kwamba wenzangu wanaona pale juu kuwa kuna mtu anaandika, nikaogopa hata hilo, nikazima data.

Usiku nikamwandikia pembeni: "Pole dada. Ulikuwa sahihi." Akajibu: "Asante kaka. Hayo ungeyaandika kule."

Tangu hapo ananisalimia vizuri tu, lakini ananisalimia kama anavyowasalimia wengine wote. Siku zilizofuata wenzangu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walinivuta koridoni wakaniambia na wao waliona yule dada ameonewa. Mmoja wao ndiye huyo huyo wa kicheko cha machozi. Badala ya kufarijika nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa sijui nimwamini nani katika yote ninayoyasoma na kuyasikia pale.

Mke wangu ananiambia funika kombe mwanaharamu apite. Anasema mdomo umeponza wengi, tuna watoto wa kusomesha, na ushujaa haulipi ada. Rafiki yangu mmoja kwa upande wake ananiambia mtu mkweli husema liwalo na liwe, na asiyesema ni mwoga, hakuna jina jingine. Wote wawili nikiwasikiliza naona wana haki, na hapo ndipo ninapokwama. Wenzangu kazini wakijua ninachofikiri wataniita mamluki. Kaka akijua atasema nimepotea.

Nianzie wapi Shangazi? Au ninyamaze tu mpaka upepo upite?

Mimi Mwitikiaji

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na huyo rafiki yako wa liwalo na liwe ili tumalizane naye mapema. Nadhani hana mtoto wa kusomesha, au mshahara wake hautegemei uso wa mtu. Hakuna binadamu anayesema kila linalompitia kichwani, na tungekuwa hivyo pasingekalika. Tena ziko sehemu duniani ambako sentensi moja inamfikisha mtu gerezani, na mimi niliyekaa salama na kalamu yangu sina haki ya kumtuma mtu wa huko ajitoe mhanga. Anayejua bosi wake ni mlipiza kisasi akaufunga mdomo wake, huyo hajadanganya mtu. Amejihifadhi.

Lakini wewe hujaniambia kwamba umenyamaza. Soma tena barua yako, hata jina ulilojipa. Unacheka wakicheka, unaguna wakiguna, unasema "ndiyo kaka". Hayo si kunyamaza, ni kuitikia, na tofauti yake ni kubwa kuliko mkeo na rafiki yako wanavyoiona wanapogombana ndani ya kichwa chako. Anayenyamaza anaficha mawazo yake. Anayeitikia anatoa ushahidi wa uongo juu ya mawazo ya kundi zima, na wanaoupokea ushahidi huo ni watu wenye hofu kama yake, walioketi humo humo wakiangalia nani atasema nini.

Hebu tuhesabu pamoja. Siku ile grupu zima liliona mtu mmoja upande mmoja na idara nzima upande wa pili. Huo ndio ulimwengu alioulalia yule dada usiku ule. Ukweli ni kwamba palikuwa na yeye, palikuwa na wewe, na palikuwa na hao wawili wa koridoni. Wanne tunaowajua, na hatujamwuliza mtu mwingine yeyote. Kila mmoja wenu alihesabu akapata mmoja. Na yule wa kicheko cha machozi alichangia kukudanganya wewe, kama vicheko vyako vya siku nyingine vilivyomdanganya yeye. Ndiyo maana sioni sababu ya wewe kuogopa zaidi baada ya koridoni. Ile ilikuwa habari njema, ila umeipokea kwa mlango wa nyuma.

Jambo hili limechunguzwa sana. Wachumi watatu, Leonardo Bursztyn, Alessandra González na David Yanagizawa-Drott, walifanya utafiti Riyadh, Saudi Arabia, kwa wanaume vijana waliooa. Waliwauliza kwa siri kama wanawake waruhusiwe kufanya kazi nje ya nyumba. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikubali. Wakawauliza tena: unadhani wenzako wangapi wamekubali? Karibu robo tatu walitaja idadi ndogo kuliko ile ya kweli. Yaani walio wengi walijiona ni wachache. Kisha baadhi yao wakaonyeshwa majibu halisi ya wenzao, halafu wote wakapewa nafasi ya kuwaandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafutiwa kazi. Walioandikisha walikuwa 23 katika kila 100 miongoni mwa wale ambao hawakuonyeshwa kitu, na 32 miongoni mwa walioonyeshwa. Hakuna aliyehubiriwa wala kubishiwa. Walichosahihishiwa ni hesabu ya watu waliomo chumbani mwao wenyewe.

Sasa utaniuliza, kama ni rahisi hivyo kwa nini watu hawasemi? Mtafiti wa Ujerumani, Elisabeth Noelle-Neumann, alilieleza hili mwaka 1974 kwa jina la mzunguko wa ukimya. Alikuwa na swali moja ninalolipenda: fikiria uko kwenye treni, safari ni ya saa tano, na abiria mliyekaa naye ameanza kuzungumzia jambo fulani lenye utata. Ungependa kuendelea na mazungumzo hayo, au ungeona hayana maana? Aligundua kwamba watu wanaohisi maoni yao yanapanda hufungua mdomo, na wanaohisi yanashuka huufunga. Wanaoufunga wanapungua masikioni mwa watu, basi waliobaki nao wanahisi wanashuka, nao wanafunga. Jambo linaweza kuonekana limekufa huku nusu ya treni inaliamini.

Na usidhani hofu hii lazima itoke serikalini. Marekani mwaka 1954, wakati Seneta Joseph McCarthy akiwasaka wakomunisti na watu wakipoteza kazi kwa kushukiwa tu, waliosema hawajioni huru kutoa mawazo yao kama zamani walikuwa kiasi cha 13 katika kila 100. Swali hilo hilo lilipoulizwa mwaka 2019, walikuwa karibu 40. Hapakuwa na McCarthy mwaka 2019. Waliopitia takwimu hizo waliona watu wanaogopa zaidi kutengwa na jamaa na marafiki kuliko kuguswa na dola. Barua yako inasema hayo hayo: hujaitaja polisi hata mara moja, umemtaja kaka.

Kwa hiyo sikuambii uwe shujaa. Ushujaa wenyewe naushuku kidogo. Mara nyingi anayejitangaza shujaa wa kusema ukweli anatafuta hadhira. Wapo wanaoniandikia wakilalamika kwamba siku hizi hakuna uhuru wa kusema, nikisoma barua hadi mwisho nakuta walichonyimwa ni uhuru wa kutukana. Wewe hayo hayakuhusu. Wewe ulikuwa na jambo la kweli, ulilolihakiki, la kumtetea mtu aliyekuwa akionewa mbele yako. Hilo halihitaji ushujaa wa kutisha. Linahitaji watu wawili.

Nasema wawili kwa makusudi. Solomon Asch, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Marekani, katika majaribio yaliyoanza kujulikana mwaka 1951 aliwakalisha watu mezani akawaonyesha kadi mbili. Moja ina mstari mmoja, nyingine ina mistari mitatu yenye urefu tofauti. Taja upi unalingana na ule wa kwanza. Ni kazi ya mtoto. Mtu akiwa peke yake ni nadra sana kukosea. Lakini mezani pale wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa, na katika raundi nyingi walitaja jibu la uongo kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu ikamfikia yule asiyejua. Karibu robo tatu ya watu waliopimwa walilifuata kundi walau mara moja, na kwa jumla kama theluthi ya majibu yao katika raundi hizo yalifuata uongo. Baadhi walisema baadaye kwamba waliona vizuri ila hawakutaka kuharibu. Wengine waliamini kwamba macho yao ndiyo mabovu.

Asch akabadilisha jambo moja. Akaweka mezani mtu mmoja mwingine anayesema kweli. Mmoja tu, dhidi ya wote wale. Kufuata kukaporomoka hadi kama robo ya kiwango cha awali. Na kuna ziada ninayotamani uikumbuke: hata pale huyo mwenzake alipokuwa akikosea kwa namna yake, akitaja mstari usio wa kundi wala usio wa kweli, bado yule mpimwa alipata nguvu ya kusema alichokiona. Maana yake ni kwamba ukitofautiana na kundi kwa ustaarabu unawafungulia mlango hata wasiokubaliana na wewe.

Ndiyo maana yule dada alikujibu vile. Kwake, "pole" ya pembeni ilikuwa ya kweli lakini haikubadili chochote mezani. Bado alikuwa mmoja.

Haya, nini cha kufanya. Kwanza acha kuitikia, kabla hata hujaanza kusema. Wakicheka kibonzo, usicheke. Usitume kidole gumba. Mtu akikutazama kusubiri uungane naye, una majibu mengi yasiyo ya vita: "hiyo sijaihakiki", "mimi hilo silioni hivyo", "labda, sina hakika". Utashangaa jinsi uso usiocheka unavyosikika. Kaa hivyo kwa muda na uangalie nani mwingine hacheki, maana ukiacha kuigiza ndipo unapoanza kuwaona wenzako wasioigiza.

Kisha nenda kwa hao wawili wa koridoni. Hii ndiyo hatua ninayoitaka kuliko zote. Waambie kila mmoja kwa wakati wake, bila mkutano wa siri: "Ulichoniambia siku ile na mimi ndivyo nilivyofikiri. Ikitokea tena nitasema. Nikisema, usiniache peke yangu, hata ukiandika neno moja." Watakaokubali wapo, watakaosita wapo. Ukipata mmoja, umepata meza ya Asch ya aina ya pili.

Ikitokea tena, sema mapema. Ukisubiri mpaka watu wanane wameshatoa hukumu, kila mmoja wao sasa ana heshima yake ya kulinda, na unayemsahihisha si habari tena bali ni wao. Na sema kifupi. Ujumbe wako wa kwanza, ule wa "Jamani, hapa yuko sahihi", ndio uliokuwa bora kabisa na ndio ulioanza kuufuta. Wa pili ulistahili kufutwa. Ulianza kujitetea kabla hujashtakiwa, ukaanza kuapa kwamba wewe ni wa kambi, na anayeapa hivyo anakubali kwamba swali halali ni "wewe ni wa nani?" badala ya "je, ni kweli?" Usiliingie swali hilo. Wakikuuliza unalipwa na nani, jibu moja linatosha: "Hotuba nzima hiyo hapo, dakika kumi, isikilizeni." Halafu weka simu chini. Huna deni la kujibu kila kibonzo.

Ningependa pia utofautishe mahali. Uongo ukisambazwa kwenye grupu, usahihishwe kwenye grupu, kwa sababu walioula ndio walioko humo. Ila mjadala wenyewe, nani ana sera nzuri na nani anaipeleka nchi pabaya, usiufanye humo hata kwa kulipwa. Kituo cha utafiti cha Pew kilipowauliza Wamarekani kuhusu siri za upelelezi wa serikali yao alizozitoboa Edward Snowden, 86 katika kila 100 walisema wako tayari kulizungumza ana kwa ana, lakini kati ya watumiaji wa Facebook na Twitter, walio tayari kuliandika humo walikuwa 42 tu katika kila 100. Mbele ya skrini kila mtu anahisi anatazamwa na kambi yake, kwa hiyo anaandika kwa ajili ya kambi. Mtu yule yule aliyetuma kibonzo, mkikutana wawili kwenye ngazi, anaweza kukushangaza. Wawili tayari wamekushangaza.

Suala la msimamizi wako silichukulii kwa wepesi. Kidole gumba cha bosi si sawa na cha mwingine. Jiulize kwa macho makavu: pale kazini kuna mtu aliyewahi kunyimwa zamu, cheo au mkataba kwa sababu ya maoni? Kama yupo, anza kwa wenzako ana kwa ana na uliache grupu kwanza, wala hakuna atakayekuita mwoga hapa kwangu. Kama hayupo, na unachokiogopa ni kununiwa, basi kipe jina lake: kununiwa. Kinauma, lakini hakifukuzi mtoto shule. Na ukisahihisha, sahihisha habari, usimguse bosi wala usimtaje aliyeileta. Mwachie kila mtu njia ya kutokea.

Jina la mamluki huenda utapewa. Ila fikiria kidogo nani mwingine anaweza kuiambia kambi yako kwamba hapa tumekosea. Wa upande wa pili akisema, watamcheka. Wewe unayekubaliana nao kwa mengi, unayekaa nao meza moja, una salio la kuaminiwa ambalo hujawahi kulitumia. Sema kwa "sisi": "Sisi tukisambaza ya uongo, siku tukisema ya kweli nani atatusikiliza?" Sauti hiyo haiwezi kutoka kwingine.

Kaka yako ni habari nyingine, na kwake dawa ya kazini haifai. Usimsahihishe mbele ya wadogo zenu, utamlazimisha ashinde. Mtafute mkiwa wawili, na lengo lisiwe kumgeuza. Watafiti wa Marekani, Joshua Kalla na David Broockman, wamepima mazungumzo ya mlangoni ambamo mgeni anamsikiliza mwenyeji bila kumhukumu, kisha kila mmoja anasimulia jambo lililomtokea. Baadhi ya watu walibadili mawazo, na mabadiliko yalikuwapo hata baada ya miezi. Walipoiondoa ile sehemu ya kusimuliana bila kuhukumu wakabakiza hoja tupu, athari ikatoweka. Kwa hiyo hoja zako nzuri unazozipanga usiku kitandani ziache huko huko. Mwulize: "Kaka, hivi ni lini hasa ulianza kuona mambo hivi? Nini kilitokea?" Kisha msikilize mpaka mwisho. Nadhani hujawahi kumwuliza, maana anayeitikia hana haja ya kuuliza. Akimaliza ndipo useme: "Heshima yako iko palepale kaka, ila mimi hapa naona tofauti, na nikwambie kilichonifikisha." Akifoka, umeshasema. Akisema umepotea, mwambie utarudi kumsalimia wiki ijayo, na urudi kweli.

Uwezekano mwingine ni kwamba kaka naye anahutubia kwa sababu anadhani ninyi wote mnamkubali. Miaka yote hiyo hajasikia kitu kingine.

Mkeo usimwone adui wa ukweli. Yeye anahesabu ada, na hesabu yake ni halali. Kosa lipo kama utasema kazini halafu yeye asikie kwa watu. Mkae naye kabla, umwonyeshe utasema nini, wapi, na utaishia wapi. Mwambie pia usichowahi kumwambia: kwamba kombe limefunikwa muda mrefu na wewe ndiye uliyemo ndani yake. Yeye ndiye anayelala na mtu aliyechoka kuigiza, nina hakika ameshaona kitu.

Amebaki yule dada. Usimtumie "pole" ya pili pembeni. Mwendee ana kwa ana, umwulize kama angependa uiseme ile habari kwenye grupu hata kwa kuchelewa, kwa maneno machache: "Ile hotuba na mimi niliisikiliza yote. Maneno yale hayamo." Swali hilo umwulize kweli, usiamue kwa niaba yake, kwa sababu kidonda ni chake na huenda hataki kifunguliwe ili wewe upate nafuu. Akisema andika, andika siku hiyo hiyo. Akisema yaishe, mwambie umeelewa na kwamba safari ijayo hatakuwa peke yake. Hatakuamini sana, na ana haki. Msalimie, mwendelee na kazi.